Ukutani, kijitabu, kitabu au simu: chapisho la waandishi wa shule lianze na lipi?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka shule ya kata upande wa Bahi alinikuta kwenye semina mjini, wakati wa chai. "Mwalimu, nimepata watoto kumi na wawili wanaoandika kweli, siyo wa kusukumwa. Mkuu wa shule amekubali tuwe na chapisho letu. Nianze na nini?" Nikamwambia aanze na gazeti la ukutani, kisha tukaitwa ukumbini. Jioni nikiwa kwenye daladala nikaona nimemjibu nusu. Sikumpa sababu, na shule yake si shule yangu. Kwake watoto wanatembea kwenda na kurudi, kwangu wanalala bweni. Kwake umeme una siku zake, kwangu kuna mashine ya kudurufu ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Hili hapa jibu zima, kwake na kwa yeyote mwenye swali kama lake.

Nimelea klabu za uandishi kwa miaka tisa katika shule mbili za sekondari hapa Dodoma, na njia zote nne nimezipita: ukuta, kijitabu cha kudurufu, kitabu cha kiwandani, na faili la kutuma kwa simu. Mbili kati ya hizo nilizianza wakati usiofaa, na walioumia ni watoto.

Hesabu siku kabla ya shilingi

Wengi huanza kwa kulinganisha bei. Mimi siku hizi naanza na siku: tangu mtoto akabidhi daftari mpaka amwone mwenzake amesimama anasoma alichoandika, zinapita siku ngapi? Ukutani ni kumi na nne au pungufu. Kijitabu ni miezi miwili, mitatu. Kitabu ni mwaka, na mambo yakienda kombo ni zaidi ya mwaka.

Mwaka ni mrefu mno kwa mtoto wa kidato cha pili. Hadithi aliyoitoa Februari ikija kuonekana Novemba, yeye si yule tena. Ameshasoma vitabu vingine, amekua, na kile alichokionea fahari sasa anakionea haya. Kibaya zaidi, miezi yote hiyo hakuwa na msomaji isipokuwa mimi na kalamu yangu nyekundu, nami ni msomaji wa kulipwa. Mtoto hujua tofauti kati ya mtu aliyesoma kwa sababu ni kazi yake na mtu aliyesoma kwa sababu alishindwa kuondoka.

Cha pili ninachokiuliza ni toleo la pili. La kwanza kila mtu hulichangia: mkuu wa shule, mzazi mwenye duka, hata diwani akipita. La pili halina sherehe. Kama hujui karatasi za toleo la pili zitatoka wapi, chagua njia ya chini yake.

Gazeti la ukutani

Vifaa vyake shule nyingi inavyo tayari: karatasi za manila, kalamu, gundi, na ubao wa matangazo usiotumika sana. Sisi tunabandika kazi kumi kila baada ya wiki mbili. Ukiondoa likizo na majuma ya mitihani, mwaka unakupa matoleo kama kumi na sita, yaani kazi 160. Kijitabu kinachotoka mara mbili kwa mwaka, chenye kazi kumi na tano, kinabeba 30. Kitabu cha mwaka chetu kilibeba 34. Katika shule ya wanafunzi 600, ukuta ndiyo njia pekee ambayo mtoto asiyejijua kama ni mwandishi anaweza kujaribu, akakosea, akajaribu tena kabla mwaka haujaisha.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa mahali. Nilibandika nje ya ofisi ya walimu kwa kuwa ndiko penye ubao mzuri. Hakuna mwanafunzi anayezurura nje ya ofisi ya walimu kwa hiari. Muhula wa pili tulihamia ukuta wa jikoni, pale foleni ya chakula inapopita. Mtoto mwenye sahani mkononi anayesubiri makande dakika kumi atasoma chochote kilicho mbele ya macho yake, na akicheka, wa nyuma yake atataka kujua amecheka nini. Siku moja mpishi wetu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliniita pembeni. "Mwalimu, yule binti aliyeandika ya fisi na kibuyu, ataendelea lini?" Nilimpelekea binti yule swali kama lilivyo. Alikuwa amenyamaza darasani tangu Januari. Aliandika sehemu tatu nyingine, na kila wiki ya toleo jipya alikuwa wa kwanza kwenye foleni, ingawa namjua, hapendi makande.

Kuna mambo ya Dodoma yenyewe. Upepo wa Juni hadi Agosti hauheshimu gundi. Toleo letu moja tuliliokota vipande vipande kwenye ua wa miiba. Fundi seremala akatutengenezea fremu ya mbao yenye waya wa kuku mbele, na hadi leo inashikilia. Jua nalo hufuta wino wa bluu kwa siku chache, kwa hiyo andikeni kwa mweusi, na chagueni baraza isiyopigwa na jua la mchana. Vumbi halina dawa. Futeni.

Udhaifu wake ni mkubwa pia. Ukibandua, kimekwisha. Mama aliyeko Chamwino au Kongwa hatakiona kamwe. Na mwandiko huwa hakimu asiyestahili: kazi nzuri yenye mwandiko wa kuku huachwa, kazi dhaifu yenye herufi za kupendeza husomwa. Sisi tumeteua wanakili watatu wenye mwandiko mzuri, na mwandishi husoma kwa sauti huku mnakili akiandika. Jambo dogo hilo limetufundisha kuhariri kuliko vipindi vyangu. Mtoto akisikia sentensi yake ikipita mdomoni mwake polepole, huisimamisha mwenyewe: "Subiri, hapo siyo."

Kila kinachobanduliwa kinaingia kwenye boksi faili lenye tarehe. Bila boksi hilo, njia ya pili huanza na mikono mitupu.

Kijitabu cha kudurufu

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, nakiri mapema ili msomaji anipime vizuri.

Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5. Karatasi tano zikikunjwa pamoja ni kurasa 20, na juu yake unaweka gamba la karatasi ngumu ya rangi. Nakala 80 zinakula karatasi 400, kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 inakutosha, na 100 zinabaki kwa makosa. Makosa yatakuwepo. Mpangilio wa kurasa huwachanganya watu wazima: upande mmoja wa karatasi ya nje unabeba ukurasa wa 20 na wa 1, nyuma yake wa 2 na wa 19, inayofuata 18 na 3, na kuendelea. Kanuni ya kukagua ni rahisi: namba mbili zilizo upande mmoja zikijumlishwa lazima zitoe 21. Kabla ya kudurufu, kunja karatasi tupu tano, andika namba kwa penseli, zifunue uone. Dakika tano hizo zimeniokolea rimu nzima zaidi ya mara moja.

Fotokopi au mashine ya kudurufu, ile tunayochapia mitihani? Fotokopi unalipia kila ukurasa bei ileile, iwe nakala kumi au mia. Mashine ya kudurufu gharama yake kubwa ni ile masta, yaani kiolezo ambacho mashine inanakilia, ya kila upande, na kijitabu cha karatasi tano kinahitaji masta kumi. Ukishaipata masta, nakala zinazofuata ni karatasi na wino tu. Kwa nakala ishirini nenda fotokopi. Zikikaribia mia, ongea na mwalimu wa taaluma, tena umwendee wiki ambayo hakuna mitihani. Stepla ya kawaida haifiki katikati: ifungue, weka kijitabu juu ya kandambili kuukuu, gonga pini zipenye, kisha zikunje kwa kijiko.

Nina sababu nyingine ya kukipenda, nayo ni ushairi. Mshororo wa mizani (silabi) kumi na sita unakaa mzima kwenye ukurasa wa A5 kwa herufi za ukubwa wa 11, ukwapi, nusu yake ya kwanza, upande huu, utao, nusu ya pili, upande ule, macho yanaona vina vimesimama mstari mmoja kama watoto paredini. Watoto wetu bado wanatunga tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, na wanaitunga vizuri. Wanastahili ukurasa usiowakatia mshororo katikati.

Nasikia wenzangu wakikidharau kwa kuwa ni cha pini na karatasi. Magazeti ya Kiswahili yenyewe yalilelewa shuleni. Msimulizi lilitolewa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, kwenye chuo cha wamisionari wa UMCA. Kiongozi lilitolewa katika shule ya serikali ya Tanga kuanzia 1904, enzi za Wajerumani. Huko Makerere, Penpoint lililoanza 1958 lilikuwa jarida dogo la idara ya Kiingereza, na ndimo Ngũgĩ wa Thiong'o alimochapishia hadithi zake za mwanzo akiwa mwanafunzi. Dar es Salaam nako wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa na Darlite kuanzia 1966. Pini hazikumzuia mtu.

Kijitabu kinakwenda nyumbani, na hapo ndipo kinapoushinda ukuta. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliandika kuhusu bibi yake anavyopepeta uwele, anavyopika mlenda, anavyoimba akiwa peke yake. Likizo ya Juni akamsomea. Bibi hajui kusoma. Aliporudi shule nilimuuliza bibi alisemaje. "Alisema wimbo nimeukosea, mwalimu. Akaniimbia upya mpaka nikaandika." Toleo la pili lilitoka na wimbo huo kwa Kigogo, tafsiri yake ya Kiswahili pembeni.

Kwa hiyo suala la lugha mliamue mapema. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, watoto wanapiga soga kwa Kiswahili, na wengi huku wametoka nyumba za Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Kuna walimu wanaotaka chapisho liwe la Kiingereza ili lisaidie ufaulu. Nawaelewa, lakini mtoto anayeandika huku akitafuta msamiati kwenye kamusi kila sentensi hawezi kusikia sauti yake. Sisi Kiswahili ni mwenyeji, Kiingereza kina kurasa nne, na lugha za nyumbani zinakaribishwa zikiwa na tafsiri. Yeyote atakayepanga vingine ana haki, mradi asiwaambie watoto kwamba lugha ya bibi haiandikiki.

Kitabu cha kiwandani

Mwaka wangu wa tatu nilitaka makubwa. Tulikusanya hadithi na mashairi 34, tukachangisha, tukapeleka kwa mpiga chapa mmoja. Tuliahidiwa Septemba, kabla ya mahafali ya kidato cha nne. Vilifika wiki ya pili ya Desemba. Watoto walishamaliza mtihani wa taifa na kutawanyika, na kati ya waandishi 34, kumi na tisa walikuwa wa kidato cha nne. Januari nzima nilipiga simu kwa wazazi. Nakala nyingine zilikaa stoo mpaka mchwa wakazijua. Na ukurasa wa 41 beti mbili za shairi zimepishana, kwa sababu prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, niliipitia usiku mmoja nikiwa nimechoka. Mwandishi wa shairi hakulalamika, alikifunga kitabu tu. Ukutani ningerekebisha asubuhi ileile.

Sisemi kitabu ni kibaya. Kinakaa miaka. Kinaingia maktaba, mgeni hupewa kama zawadi, na mtoto hukiweka karibu na cheti chake. Ukiomba ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kinatambulika kama vitabu vingine. Lakini uchapaji wa kiwandani wa ofseti hulipa kwa nakala nyingi, kwa kuwa matayarisho ya mashine ni gharama ileile iwe mia au elfu. Shule hujikuta ikiagiza nakala nyingi kuliko wasomaji ilio nao ili bei ya kimoja ishuke.

Ukifika huko, mambo mawili. Tarehe ya mpiga chapa irudishe nyuma miezi mitatu kichwani mwako: kwa mahafali ya Septemba au Oktoba, kazi zote ziwe kwake Mei. Na hakimiliki: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi tangu anapoandika, bila kusajili kwanza. Shairi ni la mtoto, hata kama karatasi ni ya shule. Andikeni fomu ya nusu ukurasa, mtoto na mzazi wasaini kwamba shule inaruhusiwa kulichapa mara hii, na pesa za mauzo zitakwenda wapi.

Faili la simu

Rahisi kuliko yote, na ndiyo maana wengi huanzia hapa. Chapa, geuza PDF, tuma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Hakuna rimu, hakuna pini.

Tatizo ni kwamba mwanafunzi wa sekondari haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Unakuwa umechapisha gazeti la shule ambalo shule haiwezi kulisoma. Watakaolisoma ni wazazi na waliomaliza, nao ni wasomaji wazuri, ila si wale wa kwenye foleni ya makande. Na kioo cha simu hukata mshororo popote kinapotaka: utao unaangukia chini, vina vinapotea, tarbia inasomeka kama tangazo la msiba.

Kuna pia suala la usalama, na hapa sina mzaha hata kidogo. Kikishatumwa hakirudi. Hadithi ya binti anayeandika kuhusu mjomba anayempiga, ukutani nitaizuia nikaongea naye kwanza faragha, maana huenda si hadithi. Ikipita kwa bahati mbaya, naibandua kwa dakika moja. Kijitabu nitakikusanya nusu. Faili lishafika kwa huyo mjomba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: jina kamili la mtoto, kidato chake na picha yake visitoke mtandaoni bila ridhaa ya mzazi. Sisi faili la nje linabeba jina la kwanza tu. Ukitaka kwenda mbali zaidi, kufungua tovuti au kuuza chapisho mitaani kama gazeti, kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kwa magazeti. Mkuu wa shule aulize Idara ya Habari kwa barua kabla, na sisi wa Dodoma hatuna kisingizio cha umbali.

Nalitumia faili kwa kazi moja: kuhifadhi. Kila kijitabu kinapigwa picha, kinawekwa kwenye kompyuta ya shule na flashi moja kwa makamu mkuu. Mchwa hawali flashi.

Basi, kwa shule ya Bahi

Mwalimu, watoto wako kumi na wawili wanatembea, na umeme wako si wa kutegemea. Anza ukutani, na usianze Januari. Kidato cha kwanza bado wanatafuta madawati, nawe bado unaandaa azimio la kazi. Wiki ya kwanza ya Machi inatosha. Kwa kuwa wako hawapangi foleni ya chakula cha jioni, bandika pale wanapopangwa mstari asubuhi au karibu na bomba la maji. Kazi nane tu, siyo kumi. Toleo la pili litoke hata kama lina kazi nne.

Mwishoni mwa Mei fungua boksi lako. Utakuwa na kazi kama arobaini. Waache wao kumi na wawili wachague kumi na tano, wewe ukae pembeni, uingilie pale tu penye kuumiza mtu. Hiyo ndiyo rimu yako ya kwanza, na fotokopi za mjini zitakufaa kwa nakala ishirini: kumi na mbili za waandishi, mbili za maktaba, moja ya mkuu, nyingine za kusoma kwa zamu darasani. Kila mwandishi aende nayo likizo ya Juni, na apewe kazi moja: amsomee mtu wa nyumbani asiyejua kusoma, aandike alichoambiwa.

Shule ya bweni yenye mashine yake, kama yangu, inaweza kuanza ukuta na kijitabu muhula mmoja, mradi watu wanaohusika si walewale. Mhariri wa ukuta na mhariri wa kijitabu wakiwa mtoto mmoja, atachoka ifikapo Aprili, nimeliona mara mbili. Kitabu kisubiri mwaka wa tatu, na kiwe cha kazi zilizokwisha kusomwa ukutani na kwenye kijitabu, zikarekebishwa na waandishi wenyewe.

Na kama una nafasi ya fremu moja tu, mwambie fundi aiweke kimo cha mtoto wa kidato cha kwanza. Yangu ya mwanzo niliipima kwa macho yangu mwenyewe, ikabidi wadogo wasimame juu ya ndoo.